Mashine Yetu Bado Inasaga

Siku niliyosimama ndani ya mfereji, maji yakinifika magotini, mbele ya ofisa mwenye viatu vinavyong'aa, nilikuwa nimetoka nyumbani kwa matembezi tu. Nilivaa gauni la kitenge nililojishonea mwenyewe, na kwenye mkoba nilikuwa na chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Sikwenda kugombana na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye mjini kulikuwa na maneno kwamba nilikuwa nimejipanga. Sikujipanga. Lakini lingetokea tena kesho, ningeingia tena kwenye maji yale yale.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya sherehe hapa Tukuyu mjini, si mbali na soko, kwenye chumba chenye dirisha moja ambalo sehemu kubwa ya mwaka linaonyesha mvua. Mlango wa pili ni wa jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge na khanga katika duka aliloachiwa na baba yake. Tumezeeka tukitazamana. Yeye anauza kitambaa, mimi nakikata, na mteja akilalamika tunalaumiana mpaka jioni, halafu tunafunga milango na kwenda nyumbani pamoja chini ya mwavuli mmoja.

Yeye ndiye aliyenitoa. Gari la matangazo lilipita likisema kutakuwa na ziara ya siku moja kwenye vituo vya urithi wa ubunifu na viwanda vya Rungwe, wote mnakaribishwa. Jirani akatoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Umesikia? Urithi wa viwanda. Huku kwetu!"

"Viwanda gani?" nikamuuliza.

"Ndiyo twende tukaone. Tangu nizaliwe natazama watalii wakipita hapa na kofia zao. Na mimi nataka kuwa mtalii."

Asubuhi ya Jumamosi alikuja amevaa baibui yake na juu ya mtandio ameweka kofia pana ya majani. Nilicheka, akaniambia nicheke nimalize kabisa, maana haivui. Kosta ilikuwa nusu tupu: walimu kadhaa, wastaafu, na mume na mke vijana kutoka Mbeya waliokuwa wakipiga picha kila kitu, hata migomba ya kando ya barabara. Aliyetuongoza alikuwa binti wa ofisi iliyoandaa ziara, amevaa fulana mpya, na ungeweza kuona kwamba alikuwa amekariri maelezo yake usiku kucha.

Tulianzia Masoko, penye ziwa. Ziwa limekaa chini kabisa ndani ya shimo lake la volkano, la kijani, na juu yake kuna jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Binti akasimama mbele ya ukuta akasema, "Jengo hili lilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya askari wao."

Jirani akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mjerumani alibeba mawe mwenyewe?"

Watu wakacheka. Binti naye akatabasamu. "Hapana, mama. Wenyeji walisaidia."

"Walisaidia," jirani akaniambia, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka mtaa wa pili. "Mtu anakukamata, anakubebesha mawe, mgongo unapinda, halafu wanasema ulisaidia."

Babu yake alikuwa mwashi. Ndivyo ukoo wao ulivyofika huku, kabla baba yake hajageukia biashara. Alilijua tangu utotoni lakini hakuwahi kusimama mbele ya kuta hizo akaambiwa kwamba babu za watu walisaidia. Nikasogea nikaweka kiganja kwenye mawe. Sijui uashi, ila mshono mzuri nikiuona naujua, na mawe yale yalikuwa yameshonwa. Huwezi kupitisha kisu kati ya jiwe na jiwe. Aliyeyakata alikuwa na jicho, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba jicho hilo lilikuwa la mtu wa hapa.

Nilimwambia binti hivyo. Hakukasirika. Alisema, "Mama, maelezo nimepewa hivi. Nitawauliza." Nikaona aibu kidogo kumbana mtoto wa watu, lakini aibu yenyewe haikudumu.

Kituo cha pili kilikuwa ghala la zamani la kukaushia majani ya chai. Halifanyi kazi siku nyingi, ila ukiingia pua inakuambia mara moja uko wapi. Mashine zimepakwa rangi ya kijani, zimezungushiwa kamba, na kila moja ina kibao cha kukukataza kugusa. Ukutani wamepanga picha za mabwana wenye kaptula nyeupe na soksi ndefu, mmoja baada ya mwingine, wote wakitazama mbali.

Mama yangu alichuma chai. Alirudi nyumbani gauni limemgandia mwilini kwa mvua na vidole vyeusi kwa utomvu, na vidole hivyo havikutakata mpaka anaingia kaburini. Nilizunguka ghala lile lote nikimtafuta. Sikuwa namtafuta yeye hasa, maana hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa kazini. Nilitafuta mwanamke yeyote mwenye kikapu.

"Vikapu viko wapi?" nikauliza.

"Kikapu hakikuwekwa, mama," akasema binti. "Hapa ni teknolojia tu. Mashine."

Basi nikawaeleza pale pale, bila kuombwa. Vikapu vya mwanzo vilikuwa vinakata mabega. Wanawake wa kijijini kwetu Suma wakachukua magunia, wakayakunja mara kadhaa, wakayashonea kwenye mikanda, na sehemu ya mgongoni wakaweka ganda kavu la mgomba ili maji ya majani yasipenye hadi kwenye nguo. Mama alinifundisha kushona kwa kunipa mikanda ile niirekebishe. Sindano yangu ya kwanza ilitoboa gunia. "Kama huo si ubunifu," nikasema, "basi niambieni ni nini." Yule mke kijana wa Mbeya akapiga makofi. Mumewe akashusha simu akanitazama kama vile ndio kwanza ananiona.

Chakula cha mchana tulikula njiani, kwenye kihoteli cha mama mmoja anayejua kupika mbalaga, zile ndizi zetu za kuchemshwa na nyama. Tulipokuwa tunamalizia, binti akatueleza kilichobaki.

"Tunakwenda Suma. Kuna mashine ya kusaga ya zamani, ya kuendeshwa kwa maji. Hii ilijengwa na wanakijiji wenyewe. Ilikufa ulipoingia umeme, lakini gurudumu bado lipo na leo tunaweka kibao rasmi."

Niliacha kutafuna. "Ilikufa?"

"Ndiyo, mama. Muda mrefu."

"Binti yangu, ugali niliokula jana umetoka kwenye mashine hiyo."

Jirani alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

Suma ndipo nilipozaliwa, na mashine ile ilijengwa nikiwa mtoto. Seremala mmoja wa kijijini na mhunzi rafiki yake waliwahi kuona gurudumu la maji misheni, wakarudi wakasema hata sisi tunaweza. Gurudumu walilichonga kwa mbao, vyuma wakavipata kwenye lori bovu lililoachwa bondeni. Wanaume walichimba mfereji kuzunguka kilima. Wanawake walibeba mawe kutoka mtoni, mama yangu akiwemo, na mdogo wake ambaye wakati huo alikuwa msichana hajaolewa. Gurudumu la kwanza lilivunjika siku ya kwanza, mbele ya kijiji kizima. Walikaa chini wakafikiri, wakapunguza mwinuko wa mfereji, wakachonga lingine. Hilo likazunguka. Nakumbuka watu wakishangilia na mimi nimeziba masikio kwa kelele za mawe.

Mashine za dizeli zilikuja, umeme ukaja. Lakini umeme wetu mnaujua. Unakatika, na ukikatika unaona ndoo zinateremka mtoni vichwani mwa watu. Tena wapo wengi wasioungoja ukatike, kwa sababu unga wa dona wa mawe yale hautoki na joto wala harufu ya kuungua. Msimamizi siku hizi ni yule yule mdogo wake mama, mama yangu mdogo, mwembamba kama mti wa mwavuli, na Kiswahili chake kinatembea kwa mwendo wa Kinyakyusa.

Mngurumo tuliusikia kabla hatujashuka kwenye gari. Tukateremka kwa njia ya utelezi katikati ya migomba, jirani ameshika kofia yake, na mbele yetu gurudumu likawa linazunguka, limelowa, jeusi, linatupa maji kila upande. Wanawake wamepanga ndoo zao. Mama mdogo yuko mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Ugonile!" akatusalimia wote kwa mkupuo, halafu akaniona. "Gwe! Umeleta wageni bila kusema? Ningepika."

Hatukuwa wa kwanza kufika. Ofisa, bosi wa yule binti, alikuwa amesimama pembeni na vijana wawili wa kazi, nguzo za uzio, na kibao kilichofunikwa kitambaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kubishana.

"Mama," akamwambia mama mdogo, "tulikubaliana kwenye mkutano kwamba leo mashine itakuwa imesimama."

"Ulisema wewe," akajibu mama mdogo. "Sisi tulinyamaza."

"Sasa kunyamaza si ndiyo kukubali?"

"Kulikuwa na mvua. Tulitaka kwenda nyumbani."

Kulikuwa na kicheko kwenye ule mstari wa ndoo. Ofisa akageuka akatueleza sisi wageni, kwa adabu kabisa, kwamba mahali pa urithi hapawezi kuwa na shughuli. Mbao zinachakaa. Mgeni anaweza kuumia. Mpango ni kuweka uzio, kufunga mlango, ufunguo ukae ofisini, na mawe yapakwe chokaa yapendeze. Alizungumza vizuri. Alisema anataka vizazi vijavyo vione ubunifu wa wazee wetu.

"Funga maji, mama," akamalizia.

"Mahindi ya watu yamo ndani."

"Basi yaishe, halafu ufunge. Moja kwa moja."

Mama mdogo akajifuta uso kwa upande wa mkono, akaacha mstari wa ngozi nyeusi katikati ya weupe. "Moja kwa moja sifungi. Nikifa, mwingine atafungua."

Ofisa akamwambia kijana mmoja apande juu akashushe ubao wa kuzuia maji kwenye mfereji. Kijana akaanza kupanda. Na mimi, ambaye magoti yangu yanalalamika hata kwenye ngazi za kanisani, nikampita.

Siwezi kusema niliwaza kitu. Nilimwona mama yangu na jiwe kichwani, hilo ndilo nililoliona. Mfereji ule una mahali pembamba penye mifuo miwili ya kupitishia ubao. Nikavua viatu, nikavipanga ukingoni, nikaingia nikasimama pale pale. Maji ya kwetu yanatoka mlimani, yana baridi ya kukata pumzi. Gauni likanielea magotini.

Kijana akafika na ubao. "Mama, toka hapo."

"Shusha," nikamwambia. "Shusha juu ya miguu yangu."

Nikasikia maji yakichuruzika nyuma yangu. Jirani alikuwa ameingia, amekunja baibui, soksi zake hajavua, na kofia bado kichwani. "Nilitaka utalii," akasema huku meno yanagongana. "Nimeupata."

Kijana aliangalia ubao, akatuangalia sisi, akaangalia chini kwa bosi wake. Nadhani alikuwa na mama nyumbani. Aliuweka ubao kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua chache.

Ofisa akapanda mwenyewe. Alikuwa anahema, na lazima niseme hakutukana. "Mama zangu, mnazuia maendeleo ya kijiji chenu wenyewe."

"Umekuja kuwasifu watu kwa kujenga mashine," nikamwambia, "halafu unawafungia mashine. Hicho ni kitu gani? Wenye picha za kaptula kule ghalani wamekufa, wasifuni mnavyotaka. Hawa wako hai. Wanasaga."

"Na mbao zikikatika? Mtoto akiumia hapa, ataulizwa nani? Nitaulizwa mimi!"

Hapo alikuwa anasema kweli, na niliona kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi. Lakini sikutoka. "Tutaulizwa sisi. Tumekua na gurudumu hili. Hata wajukuu wanajua pa kusimama na pa kutosimama. Weka kibao chako, walete wageni wako, wakute unga unatoka. Hatukukatazi."

"Utaratibu hauruhusu. Kama inasaga, haiwi kituo."

"Isiwe," nikasema.

"Isiwe," akasema jirani.

Na kutoka chini, kwenye mstari wa ndoo, sauti za wanawake zikalirudia neno hilo moja moja, bila kupiga kelele, kila mmoja kwa zamu yake: isiwe, isiwe. Ofisa alisimama akilisikiliza mpaka likaisha. Kisha akateremka, akawaambia vijana wapakie nguzo.

Kilichotokea baadaye ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Yule binti alibaki peke yake na wageni, hana kibao, na bosi wake anapakia gari. Angeweza kutuambia turudi kwenye Kosta. Badala yake aliwakusanya watu mlangoni, akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya ngurumo ya mawe: "Mashine hii ilijengwa na watu wa hapa!" Akamwomba mama mdogo aeleze, naye akaeleza kwa Kinyakyusa kitupu, binti akitafsiri kwa sauti iliyokuwa ikikauka. Lile gurudumu lililovunjika siku ya kwanza lilipata kicheko kikubwa. Sisi wawili tulisikiliza kutoka kwenye mfereji, maana hatukuamini ondoka-ondoka ile mpaka gari la ofisi liliposikika likipanda mlima.

Mama mdogo alituwashia moto, akatukausha. Alinisugua miguu kwa mikono yenye unga kama vile nina miaka mitano. Kitu alichosema ni, "Ndaga fijo," asante sana, na kwamba sasa nitaumwa mafua. Niliumwa.

Mjini nikaitwa mkorofi. Mteja mmoja, mke wa mtu mkubwa, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema amebadili mawazo. Nikamkunjia vizuri nikampa. Mashine yetu ikaondolewa kwenye ziara. Kosta za Jumamosi siku hizi zinaishia ghalani, kwenye zile picha, na ukisikiliza maelezo utadhani Suma hakuna kitu. Kuna waliotuambia tumepoteza bahati, na kwamba kingejengwa choo cha wageni na barabara ingechongwa. Huenda. Barabara haijachongwa bado, na tunateleza kama zamani.

Masika yaliyofuata maji yalibomoa sehemu ya mfereji na kuvunja makafi matatu ya gurudumu, zile mbao zinazosukumwa na maji. Hakuna ofisi iliyotuma mtu. Watu wa Suma walitoka wenyewe na majembe, na seremala mmoja wa Mpuguso akachonga makafi mapya, mbao nyeupe kati ya zile nyeusi. Yule binti, ambaye siku hizi huja kwenye kibanda changu kushonesha na kukaa tu, alikuwepo siku hiyo akibeba mawe. Alimtania mama mdogo kwamba wataalamu wakiona mbao mpya watasema gurudumu si la asili tena.

"Waje wanikague na mimi," akasema mama mdogo, akafunua kinywa kilichobakiwa na meno ya kuhesabu. "Na bado natafuna."

Mimi na jirani tunakwenda mara kwa mara. Habari zimesambaa, na wageni huja bila kuletwa na mtu: wanafunzi wa chuo, watu wa kanisa, wakati mwingine Mzungu na mkoba wake. Jirani huwaeleza, kofia kichwani, na kila mara babu yake mwashi huongezeka ujuzi. Majuzi alifika bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, amepanda na kushuka kwenye matope mpaka akafika mlangoni, akauliza kwa heshima kama kuna mahali pa kuomba ruhusa ya kuingia. Mama mdogo alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akamwonyesha debe la mahindi lililokuwa miguuni pa bibi mmoja wa jirani yake.

"Shika huku," akamwambia. "Inua. Mwaga pale juu."

Yule bwana akakunja mikono ya shati, akainua.